Uchungu wa Mzazi Si Hukumu

Sinema ya mzazi anayelipiza kisasi haikosi watazamaji katika mabanda ya video, na vijana wetu wa Ngaramtoni wamo. Iliyofungua njia ni "Death Wish" ya mwaka 1974. Mke wa Paul Kersey anauawa na binti yake anaharibiwa. Polisi hawamkamati mtu. Kersey, aliyeigizwa na Charles Bronson, anatwaa bastola na kuwaua wahalifu usiku katika mitaa ya New York, na watazamaji wanapiga makofi.

Lakini tuangalie vizuri. Waliomuua mkewe hakuwapata kamwe. Aliowaua ni wengine. Brian Garfield, aliyetunga riwaya hiyo mwaka 1972, alikusudia kuonya. Alipoona sinema imegeuza onyo kuwa sifa, alitoa riwaya nyingine mwaka 1975 kukanusha kisasi.

Nasi tunayo sinema yetu, isiyo na tiketi: mtu akipiga kelele "Mwizi!" sokoni, mawe huruka kabla ya maswali. Wazee wa Kiarusha walikaa barazani, wakasikiliza pande zote mbili kabla ya kutoza fidia. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Mzazi mwenzangu, hasira hasara. Kijana wako akirudi kutoka bandani akimsifu Kersey, usimgombeze. Muulize tu: je, wauaji wenyewe walipatikana?