Lisemwalo Lipimwe: Funzo Kutokana na Pedali za Kukamata

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa sana katika mambo ya barazani na sokoni, lakini mwanafunzi wa sayansi akiifuata bila tahadhari itampoteza njia. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu mwenye shahada niliyoisafiria ng'ambo, nilivyolirudia jambo lisemwalo na wengi pasipo kulipima, na jinsi kijana mmoja alivyoyalipia maneno yangu kwa goti lake. Jambo lenyewe lahusu kitu kidogo: pedali ya baiskeli.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Wengi waliotazama waliona kwamba viatu vya waendeshaji vimeshikamana na pedali, na tangu wakati huo nimeulizwa mara nyingi na walimu na wanafunzi: je, mtu akibadilisha pedali zake za kawaida na kuweka hizo, atapata nguvu zaidi? Hebu tulichunguze swali hili hatua kwa hatua.

Pedali hizi ni kitu gani?

Kwa miaka mingi washindani wa baiskeli waliifunga miguu yao kwa kizuizi cha chuma kilichozunguka ncha ya kiatu, pamoja na mkanda wa ngozi. Mtu alipotaka kusimama ilimbidi ainame na kuulegeza mkanda kwa mkono. Mnamo mwaka 1984 kampuni ya Kifaransa iitwayo LOOK, ambayo ilikuwa ikitengeneza vifaa vya kufungia viatu vya watu watelezao juu ya theluji, ilileta pedali ya namna nyingine. Chini ya soli ya kiatu hufungwa kwa skrubu kipande kigumu cha plastiki ambacho katika makala haya tutakiita kikamatio. Mwendeshaji akikanyaga, kikamatio hunaswa na springi ya pedali. Akikizungusha kisigino kwa upande wa nje, springi huachia. Hii ndiyo kanuni ileile ya vifaa vya theluji: kushika kwa uthabiti, lakini kuachia mguu unapopinda. Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault alishinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa akitumia pedali hizo, na katika miaka iliyofuata washindani wengi waliiacha mikanda ya ngozi.

Dai lililoenea

Pamoja na kifaa hicho lilienea dai moja, nalo ni hili: mtu mwenye pedali za kawaida hufanya kazi mguu unaposhuka tu, bali mwenye pedali za kukamata huvuta pia mguu unapopanda, na kwa hiyo hupata nguvu ya ziada. Dai hili lavutia kwa sababu lafanana na hesabu sahihi. Nililisikia kwa waendeshaji wenzangu mjini Sheffield, Uingereza, mji wa vilima vikali ambako nilisomea shahada ya udaktari. Niliporudi nyumbani nililifundisha darasani kama mfano wa kani na mzunguko. Mwaka baada ya mwaka nililichora ubaoni, mshale mmoja ukielekea chini na mwingine juu, wala hapana mwanafunzi aliyeniuliza nimelipima wapi.

Mizani ya miguu miwili

Tuanze na hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya. Tuseme mwendeshaji anatoa wati 200 huku akizungusha pedali mara 90 kwa dakika, yaani mara 1.5 kwa sekunde. Mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 170 huiwezesha pedali kusafiri takriban mita 1.07 katika kila mzunguko. Basi mwendo wa pedali ni takriban mita 1.6 kwa sekunde. Tukigawanya wati 200 kwa mwendo huo twapata wastani wa kani wa Nyutoni 125, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 13. Hicho ndicho kiasi kinachohitajiwa kwa wastani, na misuli mikubwa ya paja na ya makalio, ile ile inayotuinua kutoka kitini, hukitoa bila taabu kubwa.

Mtu atasema: lakini mguu unaopanda ni mzito, na usipojivuta wenyewe utakuwa mzigo kwa mwenzake. Hapa ndipo hoja ilipoteleza. Mikono ya pedali imepangwa ikielekeana, mmoja ukipanda mwingine hushuka. Nishati ambayo mguu mmoja unaihitaji ili upandishwe ndiyo ileile ambayo uzito wa mguu mwingine unairudisha ukishuka. Ni mizani yenye vitanga viwili vilivyo sawa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa baiskeli yoyote ya shule. Iinuliwe baiskeli isimame wima, mnyororo uondolewe, kisha kila pedali ining'inizwe jiwe la kilo mbili kwa kamba. Wanafunzi wataona kwamba popote mikono ya pedali inapoachwa, hapo hutulia. Jiwe moja likiondolewa, lililobaki hushuka mara moja hadi chini kabisa. Basi uzito wa mguu unaopanda hauli nguvu ya mwendeshaji, maadamu upo mguu mwingine unaoshuka.

Vipimo vyasemaje?

Hesabu peke yake haitoshi, kwani mwili wa binadamu si mawe na kamba. Kwa bahati njema wapo waliopima. Mwaka 1991 Edward Coyle na wenzake walichapisha nchini Marekani uchunguzi wao juu ya waendeshaji hodari, wakitumia pedali zenye vyombo vya kupimia kani. Waliokuwa hodari zaidi hawakuwapita wenzao kwa kuvuta juu. Waliwapita kwa kukandamiza chini kwa kani kubwa zaidi.

Mwaka 2007 Thomas Korff na wenzake waliwapima waendeshaji wanane kwa wati 200 na mizunguko 90 kwa dakika, kwa njia nne: kama walivyozoea, kwa kuzungusha miguu mviringo, kwa kukazania kusukuma, na kwa kukazania kuvuta. Walipokazania kuvuta, kani zilielekea vizuri zaidi kwenye mzunguko; mchoro wangu wa ubaoni ungefurahi. Lakini ufanisi wa mwili ulipungua, kutoka takriban asilimia 20 hadi takriban 19. Maana yake ni kwamba ili atoe wati zilezile 200, mwili ambao ungetumia nishati kwa kiwango cha wati 1,000 sasa ulitumia karibu wati 1,050. Misuli inayouinua mguu ni midogo, na kuipa kazi ya ile mikubwa ni sawa na kumtuma mtoto akabebe gunia huku baba yake amekaa.

Tena, mwaka 2016 Asher Straw na Rodger Kram wa Chuo Kikuu cha Colorado walilinganisha viatu vya kawaida vya kukimbilia juu ya pedali za kawaida na viatu maalumu juu ya pedali za kukamata. Katika mwendo wa wastani hawakuona tofauti katika nishati iliyotumiwa na mwili.

Goti la kijana

Sikuyatafuta maandishi haya kwa hiari yangu. Nilitafuta baada ya tukio ambalo nalieleza kwa aibu. Mwanafunzi wangu mmoja, mpenda baiskeli, aliyasikia mafundisho yangu, akaweka akiba ya kazi za likizo hata akapata viatu na pedali za kukamata zilizokwisha kutumika. Alinijia akaniuliza anunue vikamatio vya aina gani. Nikamjibu bila kufikiri: "Nunua vyekundu, ndivyo vinavyoupa mguu uhuru."

Lazima nieleze neno hili. Vikamatio vingine huuruhusu mguu ugeuke kidogo kulia na kushoto kabla ya kuachia, na vingine huufunga kabisa. Goti la binadamu halifanyi kazi kama bawaba ya mlango. Mguu unapozunguka, goti hutaka nafasi ndogo ya kujigeuza. Vile nilivyovizoea mimi vilikuwa vyekundu, na viliruhusu digrii 9. Lakini kampuni nyingine hutumia rangi hiyohiyo nyekundu kwa vikamatio visivyoruhusu hata digrii moja, na pedali za kijana zilikuwa za namna hiyo. Alinunua vyekundu kama nilivyomwambia. Akavifunga vikiwa vimepinda kidogo kuelekea ndani, akaanza kuvuta juu kwa bidii kama nilivyomfundisha.

Baada ya wiki kadhaa alikuja ofisini kwangu akichechemea. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Vile vyekundu havigeuki. Nilifikiri kosa ni la mguu wangu."

Maneno hayo hayajanitoka. Kijana alikuwa na ushahidi chini ya kiatu chake. Ilimtosha kukaa juu ya tandiko, kuugeuza mguu na kuona kama unasogea. Lakini aliliamini neno la daktari wa fizikia kuliko goti lake mwenyewe. Ilimchukua miezi kadhaa kupona, na msimu wake wa mashindano ulipita bila yeye. Kosa halikuwa la rangi wala la pedali. Lilikuwa langu, na lilikuwa la aina mbili: nilitoa dai nisilolipima, na nilimzoesha mwanafunzi kutoniuliza.

Faida iliyopo kweli

Isidhaniwe kwamba nazilaani pedali hizi. Natumia jozi yake hadi leo. Faida zake zipo, ila si zile zinazotangazwa. Mguu hukaa mahali pamoja hata barabara iwe mbovu na mzunguko uwe wa kasi. Soli ngumu hulisambaza shinikizo la pedali ili lisiukere wayo. Tena katika mbio fupi za nguvu zote, mwendeshaji akisimama juu ya pedali, waliopimwa walitoa nguvu kubwa zaidi kwa viatu vilivyokamatwa, kwa kuwa hapo mguu hauwezi kuponyoka, na kuvuta kwa sekunde chache hakuichoshi misuli kama kuvuta kwa saa nzima. Kwa mshindani hayo ni mambo makubwa. Kwa mtu anayekwenda shambani au shuleni, anayesimama mara kwa mara na kuteremka, pedali pana za kawaida ndizo zimfaazo, wala asione haya kwa hilo.

Yule anayeamua kubadili, namwachia maonyo machache. Avifunge vikamatio vikielekea jinsi mguu wake unavyoelekea anapokaa na kuning'iniza miguu. Aanze na vile vinavyoruhusu kugeuka, naye ahakikishe kwa kuvigeuza, si kwa rangi. Springi ailegeze mwanzoni. Ajifunze kuingiza na kutoa mguu kwanza akiegemea ukuta, kisha juu ya majani. Zaidi ya yote, autoe mguu kabla baiskeli haijasimama. Mimi, katika wiki yangu ya kwanza mjini Sheffield, nilisimama kwenye taa nyekundu nikasahau, nikaanguka ubavu kama mgomba uliokatwa, mbele ya basi lililojaa watu.

Neno kwa walimu

Nathubutu kusema kwamba hatari kubwa katika madarasa yetu si uhaba wa vyombo. Hatari kubwa ni dai linaloonekana la kisayansi, likisemwa na mtu mwenye shahada, katika darasa lisilouliza. Uongo mtupu hutambulika upesi. Lakini mshale uliochorwa vizuri ubaoni huweza kuishi miaka mingi, kama wangu ulivyoishi, kwa sababu una nusu ya ukweli ndani yake.

Nawaomba basi walimu wenzangu tumzoeshe mwanafunzi swali moja, naye awe huru kumwuliza hata mzee wake kwa adabu: "Mwalimu, jambo hili limepimwaje?" Sasa kila mwaka nafungua somo la mzunguko kwa baiskeli, mawe mawili na kamba. Kijana yule, ambaye leo ni mwalimu wa sekondari, amenieleza kwamba naye hufanya vivyo hivyo. Kabla hajaondoa jiwe la pili huwataka wanafunzi waandike wanachotarajia kuona, kisha huwaacha watazame wenyewe.