Mafuta Yakimwagika Hayazoleki

Kila meli inapopasuka mahali fulani duniani, madai yaleyale huibuka redioni, vijiweni na hata kwenye mikutano ya wavuvi. Husemwa na watu wazima wenye heshima zao, na mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanashika. Ubaya wake ni kwamba yote yanatuambia kazi ya kuilinda bahari inaweza kungoja mpaka mafuta yamwagike. Nitayachukua moja baada ya jingine.

"Bahari ni kubwa, itajisafisha yenyewe."

Ni kweli bahari ina vijidudu vinavyokula mafuta, na jua na mawimbi huyavunja kiasi. Huko bahari kuu, mbali na nchi kavu, mafuta mepesi huweza kutoweka kwa siku chache. Lakini ajali nyingi zinazotuhusu hutokea karibu na nchi. Meli hupanda miamba, hugongana kwenye milango ya bandari, huvuja zikiwa gatini. Na huko ndiko iliko mikoko, nyasi bahari na matumbawe.

Nenda ukautazame mchu, mmoja wa miti ya mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Matope yote kuuzunguka shina yamejaa vijiti vyembamba vilivyosimama wima, vingi mno kuhesabika. Hiyo ni mizizi ya kupumulia. Matope ya mikokoni hayana hewa, kwa hiyo mti huvuta hewa kupitia vitundu vidogo kwenye ngozi ya vijiti hivyo. Mafuta mazito yakiingia na maji kujaa, yanapokupwa huacha kila kijiti kimepakwa weusi tangu chini hadi yalipofika maji, na vitundu vyote vimezibwa. Mti haufi siku hiyo. Majani huanza kugeuka manjano siku zinavyokwenda, kisha hupukutika. Mlilana, mkoko mwingine, nao hupata balaa hilohilo. Mafuta yanayopenya kwenye mashimo ya kaa hushuka kwenye matope yasiyo na hewa, na kule vile vijidudu tunavyovitegemea hufanya kazi polepole mno.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa karibu na hori la Makupa, mafuta yakatiririka mikokoni, na sehemu ya mikoko hiyo ikafa. Miaka mingi baadaye bado palionekana vipara ambavyo miche haikuweza kushika. Mwaka 2005 meli iliyobeba mafuta ghafi ikavuja Kilindini, na safari hiyo ikawa zamu ya mikoko ya Port Reitz. Anayedhani hayo ni ya kwetu tu kwenye matope, basi aitazame Alaska. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba mwezi Machi 1989, na zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti wakichimbua kokoto za fukwe zile walikuta mafuta chini yake.

"Samaki wana akili, wataondoka."

Samaki mkubwa anaweza kuondoka. Yai la samaki haliwezi. Mayai na vifaranga vya samaki wengi huelea karibu na uso wa maji, palepale yanapotanda mafuta. Tafiti zilizofanywa baada ya ajali za Alaska na Ghuba ya Meksiko zilionyesha kwamba sumu iliyomo kwenye mafuta ghafi huharibu moyo wa kiinitete cha samaki ungali unajiunda, hata sumu ikiwa kidogo sana majini. Jodari ni miongoni mwa samaki waliochunguzwa. Kifaranga kama hicho kinaweza kuanguliwa na kuogelea kidogo, kisha kikafa pasipo mtu kukiona, na mvuvi atakuja kuhisi pengo lake misimu kadhaa baadaye bila kujua limetoka wapi. Matumbawe hayana miguu, chaza hana pa kukimbilia, na kasa na pomboo ni lazima waje juu kuvuta pumzi hata kama juu kumetanda mafuta.

"Sisi hatuchimbi mafuta baharini, hatari hiyo si yetu."

Dai hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu jirani zetu Mauritius walikwisha kutujibia. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya MV Wakashio, mali ya Wajapani iliyopeperusha bendera ya Panama, ilipanda mwamba wa matumbawe Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa kisiwa. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya shehena kavu, tupu, ikielekea Brazil. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa ya injini yake tu, takriban tani 3,900 za mafuta mazito na tani 200 za dizeli. Uchunguzi ulionyesha kwamba meli iliachwa isogee karibu na nchi ili wafanyakazi wapate mtandao wa simu. Nahodha wake alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Mauritius haina hata kisima kimoja. Ilichokuwa nacho ni njia ya meli inayopita karibu, kama tulivyo nayo sisi. Tangu mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi zimekuwa zikizungukia Rasi ya Tumaini Jema, na bahari yetu ikazidi kuwa barabara ya watu wengine. Meli yoyote kubwa inayopita Pemba au Mafia, iwe imebeba ngano, magari au imerudi tupu, ina mafuta ya kutosha kuangamiza ghuba nzima.

Katika habari ya Wakashio, tarehe za kukumbuka ni mbili. Meli ilikwama tarehe 25 Julai. Mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Katikati hapo kulikuwa na siku 12 za bahari iliyo safi bado na meli iliyoonekana kwa macho kutoka ufukweni. Siku hizo zilipita, na serikali ilipotangaza hali ya dharura tarehe 7 Agosti, mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye wangwa. Wananchi hawakungoja. Walishona magunia, wakayajaza majani makavu ya miwa, wakatengeneza nyuzio za kuelea kwa mikono yao na kuziburuta majini. Wengine walikata nywele zao wakazitoa, kwa kuwa nywele hunasa mafuta. Kiasi cha tani 1,000 kilimwagika kabla sehemu kubwa ya yaliyobaki kuvutwa kwa pampu, na tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili. Ninawaheshimu sana wale watu wa Mahébourg waliosimama kwenye mafuta hadi magotini. Lakini haikupasa kuwa kazi yao.

Wapo wanaojibu kwamba mafuta ya meli siku hizi ni safi. Usafi huo ni wa moshi. Tangu Januari 2020 sheria ya kimataifa imepunguza salfa katika mafuta ya meli hadi asilimia 0.5, na hilo ni jambo jema kwa mapafu ya watu wa bandarini. Mafuta ya Wakashio yalikuwa ya aina hiyohiyo mpya, na mikoko ya Mauritius ilipakwa weusi vilevile.

"Kuna mitambo na dawa za kisasa, tutayasafisha."

Nani aliwahi kuwa na mitambo kuliko Wamarekani? Mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka juu ya kisima chake Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11, maelfu ya vyombo vilipelekwa Ghuba ya Meksiko. Makadirio ya serikali yao yenyewe yalikuwa mapipa milioni 4.9 yaliyotoka. Sehemu iliyonaswa palepale kisimani kwa mabomba ilikuwa asilimia 17, iliyochomwa moto asilimia 5, na iliyokombwa juu ya maji asilimia 3. Asilimia tatu! Hapo ndipo ulipofika uwezo wa nchi tajiri, katika bahari yao wenyewe, huku dunia nzima ikitazama.

Sababu si uzembe. Uzio unaoelea hufanya kazi maji yakiwa matulivu. Mkondo unaoukabili moja kwa moja ukizidi nusu mita hivi kwa sekunde, na mara nyingi hata kabla ya hapo, mafuta hupita chini yake. Sasa fikiria mlango wa Kilindini au mkondo wa Pemba wakati wa bamvua, maji yanapopanda au kushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita. Ongeza upepo wa kusi wa Julai. Mwenye kuijua bahari hii hatahitaji hesabu.

Na dawa? Dawa ya kutawanyisha mafuta haiyaondoi. Huyavunja kuwa matone madogo yanayozama na kuenea kwenye maji, ili yasifike ufukweni yakiwa utando mzito. Katika kina kirefu, mbali na nchi, pengine hilo ni afadhali. Juu ya matumbawe yaliyo mita tano chini ya maji, ni kuyanywesha matumbawe mafuta. Uamuzi wa wapi itumike na wapi isitumike unapaswa kuchorwa kwenye ramani mapema, watu wakiwa wametulia, kabla simu ya usiku haijapigwa.

Hata kusafisha kwenyewe huweza kuumiza. Kule Alaska mawe ya ufukweni yalioshwa kwa maji ya moto yenye nguvu, yakapendeza machoni, na viumbe waliokuwa wamenusurika mafuta wakaunguzwa.

Tanga kuna dai lake maalumu, nalo linatolewa kwa nia njema. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na husemwa kwamba mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakimwagika kwenye maji yataganda, tutayaokota tu. Nusu ya kwanza ni kweli. Mafuta hayo huganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana bomba hupashwa joto njia nzima, hadi nyuzi 50 hivi. Tatizo ni nusu ya pili. Mafuta yaliyoganda hayavutiki kwa pampu za kawaida, na dawa ya kutawanyisha haiyashiki. Huwa mabonge yanayoelea na kusafiri na mkondo kwa siku nyingi, mbali na mahali yalipomwagikia, na kasa huyameza akidhani ni chakula. Jirani na Chongoleani ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ukanda huo wote ni wa wavuvi wadogo. Sisemi bomba halikupasa kujengwa; nasema nta isihesabiwe kuwa kinga.

"Mwenye meli atalipa."

Atalipa kiasi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 unamlazimisha mwenye meli kuwa na bima ya mafuta ya injini, lakini unamruhusu kuwekea malipo kikomo, na kikomo hicho hupimwa kwa ukubwa wa meli. Ukubwa wa hasara yako hauingii kwenye hesabu. Uko pia mfuko wa kimataifa wa fidia wa mwaka 1992, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Mfuko huo unahusu mafuta yanayomwagwa na meli za mafuta. Ajali kama ya Wakashio iko nje yake kabisa.

Tena fidia hutaka ushahidi. Mvuvi wa ngarawa anauza samaki wake sokoni kwa fedha taslimu. Mama anayechokoa pweza miambani hana risiti. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani anajua kamba zake ngapi zimejaa, ila hajaandika popote. Siku ya madai, hoteli italeta vitabu vya hesabu, naye ataleta neno lake. Haki yake ni ileile, lakini kikaratasi hana.

"Wachafuzi ni wenye meli kubwa, sisi wadogo hatuna neno."

Pita kwenye gereji yoyote mtaani. Fundi anafungua nati chini ya injini, oil chafu inatiririka kwenye beseni, na beseni likijaa linamwagwa mtaroni. Kiasi kingine hupakwa mbao kuzuia mchwa, na mvua ikinyesha kinasombwa. Mtaro unakwenda mtoni, mto unakwenda baharini. Oil hiyo haina picha ya kutisha ya meli iliyokatika, na haina nahodha wa kufungwa. Marekani Kaskazini, wataalamu waliopima vyanzo vyote walikuta kwamba mafuta yanayosombwa kutoka nchi kavu ndiyo fungu kubwa kuliko yote yanayoingia baharini. Sioni kwa nini miji yetu, yenye mitaro ya wazi na gereji kila kona, iwe tofauti.

Basi, ninyi mlio wanachama wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, anzeni mwezi huu kuandika kilo mnazovua na bei mnazouzia, kwenye daftari la kawaida, na kina mama wa pweza na mwani wasiachwe nje ya daftari hilo. Mwenye gereji, tafuta pipa na uwauzie oil chafu wanaoikusanya. Na sote tuulize, kwa barua na kwa jina, kama mpango wa taifa wa kukabili umwagikaji wa mafuta umewahi kufanyiwa mazoezi kwenye pwani yetu, nyuzio zimehifadhiwa wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru meli iliyokwama ivutwe mafuta siku ya kwanza, bila kungoja siku ya kumi na mbili.