Aibu isiwagharimu vijana uzazi wao

Kata ya Mabogini, katika tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi, inafahamika kwa kilimo cha mpunga. Tangu Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, kila mkulima wa huko anajua kwamba mfereji unaoanza kuziba hauna budi kuzibuliwa mapema. Hakuna anayeona haya kuwaambia wenzake kuwa maji hayafiki shambani kwake. Hali ni tofauti kabisa inapokuwa mirija ya uzazi ya msichana ndiyo inayoziba. Hapo jambo hufichwa mpaka dawa inapokuwa haina tena la kuokoa.

Kisonono na klamidia ni magonjwa ya zinaa yanayotibika. Ubaya wake ni kwamba msichana anaweza kuambukizwa asione dalili yoyote. Asipotibiwa, vijidudu hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mji wa mimba na mirija, vikaleta uvimbe na usaha, kisha makovu. Mrija wenye makovu huweza kuziba kabisa, au kuinasa mimba nje ya mji wake, jambo linaloweza kumwua mama. Wengine hubaki na maumivu ya chini ya kitovu kwa miaka mingi. Msichana wa umri wa kubalehe yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa shingo yake ya kizazi haijakomaa.

Uchunguzi uliofanywa mjini Lund, nchini Sweden, kuanzia mwaka 1960 hadi 1984 ulionyesha uzito wa jambo hili. Miongoni mwa wanawake waliougua maambukizi haya ya ndani mara moja, takriban 8 katika kila 100 walikosa uzazi kwa sababu ya kuziba mirija. Kwa waliougua mara mbili idadi ilifika karibu 20, na kwa waliougua mara tatu ilifika 40. Haya yalitokea katika nchi yenye hospitali za kutosha. Msichana wa kijijini anayechelewa kutibiwa yumo katika hatari isiyo ndogo kuliko hiyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo hunenwa kwa mambo mengi, lakini katika jambo hili ni kweli neno kwa neno. Binti anayeficha ugonjwa akiwa na miaka 16 huja kuitwa tasa akiwa na miaka 26. Hapo ndipo ukoo mzima hupata ulimi wa kusema. Atasimangwa, ataletewa mke mwenza, pengine atarudishwa kwao. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyemwambukiza, wala kwa nini siku ile alipohitaji msaada hakuwa na mtu wa kumwambia.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya yote haya ni kuwahubiria vijana tu. Mkoa wa Mwanza umekwisha kutoa jibu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wahudumu wa vituo vya afya vya vijijini mkoani humo walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa na wakapatiwa dawa za uhakika. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40. Baadaye, kuanzia mwaka 1999, mpango wa MEMA kwa Vijana ulipeleka mafunzo katika shule za msingi na kuboresha huduma za vijana. Ujuzi wa vijana uliongezeka, lakini maambukizi hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Fundisho lake ni kwamba kijana hawezi kubadilika peke yake wakati watu wazima wanaomzunguka wamebaki vile vile.

Basi lawama yote isitwikwe wasichana. Mwanamume mwenye fedha za mavuno anayemrubuni mwanafunzi kwa chipsi na nauli ni adui wa afya ya Taifa, na ni mhalifu. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inahesabu kulala na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji, hata kama binti ameridhia. Mzazi anayepokea ng'ombe ili kesi iishe nyumbani anashiriki uovu huo. Naye mhudumu wa zahanati anayemkemea binti mbele ya foleni, kwa kumwuliza ameyaanza lini mambo ya wakubwa, amemfukuza yeye na wenzake kumi watakaosikia habari hiyo.

Mkoa wa Kilimanjaro una sababu ya kujiamini. Mwaka 2014 ndiko chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi ilikoanza kwa majaribio, kabla ya kuenezwa nchini kote mwaka 2018. Kirusi hicho huenezwa kwa kujamiiana, na bado wazazi waliwatoa binti zao wachanjwe. Lakini chanjo hiyo haizuii kisonono wala klamidia. Kazi iliyobaki inahitaji moyo ule ule.

Kazi yenyewe inajulikana. Vijana waelezwe bila mafumbo kwamba kusubiri ndiyo kinga iliyo bora, na kwamba asiyesubiri hana budi kutumia kondomu kila mara. Mwenye maumivu chini ya kitovu, uchafu usio wa kawaida au maumivu wakati wa kukojoa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asinunue vidonge viwili dukani. Dawa zimalizwe hata kama maumivu yamekwisha. Mwenzi naye atibiwe, la sivyo ugonjwa utarudi kwa mlango ule ule. Zahanati zitenge saa na chumba cha vijana, na siri zao zitunzwe.

Jumuiya ya Wazazi, Umoja wa Wanawake na mabalozi wa mashina wanao uwezo wa kulifikisha jambo hili katika kila nyumba, kama wanavyofika wakati wa uchaguzi. Ajenda ya mkutano wa kijiji inayo nafasi ya mifereji, barabara na pembejeo. Iwepo pia nafasi ya kuuliza kama binti wa kijiji hicho anaweza kuingia zahanati akatibiwa, na akatoka bila kutukanwa. Kijiji ambacho hakiwezi kujibu swali hilo kitakuwa kinavuna mpunga huku kikipoteza watoto wa kuula.