Falsafa Inayosomwa kwa Pumzi

Kwa miaka mingi nilikuwa na jawabu moja kwa mgonjwa mwenye maumivu sugu ya mgongo ambaye vipimo vyake havikuonyesha jambo la kurekebishwa kwa upasuaji: "Itabidi ujifunze kuishi nayo." Siku moja mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo hufundishwa wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimempa falsafa bila kumwonyesha njia ya kuifikia.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye mkeka wa yoga, kwani mgongo wangu nao ulikuwa umechoshwa na saa nyingi za kusimama. Nilidhani nakwenda kunyoosha misuli tu. Kumbe yoga ni mojawapo ya mikondo ya kale ya falsafa ya Kihindi. Katika Yoga Sutra, matini inayonasibishwa na Patanjali, ni kauli 3 tu kati ya zaidi ya 190 zinazozungumzia mkao wa mwili. Nyingine zahusu akili na mwenendo, na sharti la kwanza la mwenendo ni kutodhuru, sharti ambalo kila tabibu analitambua.

Haya niliyasoma nikayakubali, lakini sikuyaelewa mpaka nilipoketi kimya nikifuatilia pumzi. Maumivu yalikuja, papo hapo akili ikaongeza yake: kesho sitaweza kazi, mwisho wangu ni kitandani. Ndipo nilipoona kwamba palikuwa na mambo mawili, uchungu na hofu ya uchungu. La kwanza lilitoka mgongoni. La pili nililitengeneza mwenyewe, na ndilo lililoninyima usingizi.

Maoni yangu ni kwamba elimu ya aina hii haipatikani kwa kuambiwa. Hakuna mwanafunzi wa udaktari aliyejifunza kutambua mlio wa moyo wenye hitilafu kwa kusoma kitabu pekee. Ni lazima aweke sikio. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Tiba ya kisasa nayo imekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya taamuli kwa wagonjwa, wakiwemo wenye maumivu sugu. Mwaka 2017, mwongozo wa chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa nchi hiyo uliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo, kabla ya dawa, kwa maumivu sugu ya kiuno.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Mwenye presha ya macho aepuke mikao ya kuinamisha kichwa. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa akili wazungumze kwanza na mtaalamu. Usiache dawa zako. Na maumivu ya mgongo yanayoandamana na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo yanahitaji hospitali mara moja, si mkeka. Kwa anayesita kwa sababu ya imani yake, kufuatilia pumzi hakumdai abadili ibada.

Mama yule aliporudi, tuliketi pamoja dakika 5, kila mmoja akihesabu pumzi zake. Maumivu hayakuondoka, wala sikumwahidi hivyo. Alisema tu, "Leo nimeyaona yakija, na sikukimbia."

Wahudumu wenzangu, tusimwagize mgonjwa avumilie ilhali sisi wenyewe hatujawahi kuketi na uchungu wetu hata kwa dakika hizo 5. Tuanze sisi. Hapo mgonjwa atakapotuuliza hayo hufundishwa wapi, tutaweza kumvutia kiti na kumwambia: hapa.