Mbwa asiyeguswa hawezi kuchanjwa

LUBUMBASHI. Tembea mchana katika Golf, Bel-Air ao kule Ruashi, utasoma kibao kilekile kwenye milango ya lupango: « Chien méchant ». Wenye nyumba wanakitundika kwa kujivunia. Mbwa mwenyewe yuko nyuma, amefungwa mnyororo tangu asubuhi, anangoja bukari iliyobaki. Hakuna mtu wa nyumba ile anayejua meno yake yako namna gani. Watoto wamekatazwa kumkaribia. Mama anamsukumia sahani kwa fimbo. Zamu peke yake ndiye anayemfungua, na zamu akibadilishwa, shida inaanza upya.

Mimi nasema mbwa wa namna hii anaweza kuiletea nyumba kifo, na sababu yenyewe haifichiki. Mbwa ambaye hakuna mkono unaomgusa, hakuna pia anayeweza kumchanja.

Tukizungumza juu ya kuosha mbwa, kumchana manyoya ao kumtazama mdomo, wengi wanacheka. Wanasema hayo ni mambo ya wazungu, ao ya matajiri wenye kambwa kadogo ka kulala kwenye kiti. Kwetu mbwa ni wa kazi. Sawa, ni wa kazi. Lakini mwenye baiskeli ya kubeba makala anaipaka mafuta na kuangalia breki zake, na hakuna anayemcheka.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kichaa cha mbwa, rage kama wengi wanavyouita hapa, ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoupata wanaupata kutoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali kunatosha kuukatia njia. Sasa jiulize, siku ya chanjo nani anamleta mbwa? Wenye mbwa wanaoshikika wanakuja na kamba mkononi. Wenye kibao mlangoni wanabaki nyumbani, kwa sababu hata wao wenyewe wanamwogopa. Wale wanaouma zaidi ndio wanaokosa sindano.

Ndiyo maana nasema mkono uende kwanza, sindano ifuate. Na mkono unaanza kwa mambo haya madogo yanayochekwa.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na yanabadilika hadi karibu miezi 7, ndipo anakuwa na meno 42 ya ukubwa. Miezi ile ndiyo ya kumzoesha. Mshike taratibu, inua mdomo wa juu kwa kidole upande mmoja, tazama, mwachie, mpe kitu kidogo cha kula. Dakika moja inatosha. Akizoea, funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole umpanguse meno kwa nje, ao tumia mswaki laini wa watoto. Dawa ya meno ya watu usimpe: mbwa hajui kutema, anameza, na nyingine zina sukari ya xylitol ambayo ni sumu kwake.

Unatafuta nini mdomoni? Ufizi mwekundu unaotoa damu. Ganda la njano ao la kahawia kwenye meno makubwa ya nyuma. Harufu mbaya isiyo ya chakula. Uvimbe chini ya jicho: mara nyingi watu wanafikiri mbwa amepigwa jiwe, kumbe ni usaha kwenye mzizi wa jino la juu. Mbwa mwenye jino bovu anatafuna upande mmoja, anaangusha chakula, na ukimgusa kichwa anauma. Tunasema amekuwa mkali, tunampongeza, naye anaumia tu. Ganda lile usilikwangue kwa kisu wala kung'oa jino kwa koleo, hiyo ni kazi ya mganga wa wanyama na dawa ya usingizi. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo iache. Inapasuka vipande vyenye ncha, inachoma ufizi na tumbo.

Lakini hapa nawaomba msome polepole. Kama mbwa anatoa mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, hawezi kumeza hata maji, usitie mkono mdomoni. Watu wanafikiri mfupa umemkwama, wanaita kijana jasiri wa mtaa apanue mdomo. Mfupa unaweza kukwama kweli, lakini rage nayo inaonekana hivyohivyo, na mate yakiingia kwenye kidonda kidogo cha kidole yanatosha. Mfungie ndani ya lupango, ondoa watoto, ita mganga wa wanyama. Aliyeumwa ao aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku ileile kuuliza chanjo. Jiwe jeusi halivuti rage. Pilipili haivuti. Na asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Juu ya manyoya na ngozi, nitasema kwa kifupi, isipokuwa kwa jambo moja linalonikasirisha: mafuta machafu ya motere. Gari likibadilishwa mafuta, ya zamani wanampaka mbwa mwenye upele ao viroboto. Wengine wanachukua dawa ya kupulizia mboga shambani. Mbwa anajilamba, anameza, ngozi inaungua, na sumu inaingia damuni. Kesho yake mtoto anamkumbatia. Upele una dawa yake, muulizeni mganga. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin msimwekee paka, inaweza kumwua.

Kuosha, mara moja kwa mwezi ao akichafuka inatosha, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo ya unga, tena mumkaushe vizuri, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi inapokaza. Wakati wa kuosha ndio wa kutazama masikio, katikati ya vidole, na chini ya kamba ya shingo. Mbwa aliyefungwa kamba akiwa mdogo anakua, kamba haikui, inaingia ndani ya nyama bila mtu kujua. Kupe mshike kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, usimchome kwa kibiriti. Na miguu itazameni kwa sababu ya funza: mbwa anawabeba, mayai yanaanguka kwenye vumbi la lupango, na watoto wanatembea pekupeku hapohapo.

Kwa viongozi wa komini ninalo ombi. Muji wetu una bahati: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupambana na rage. Wanafunzi wale wangeingia katika Katuba, Kenya na Kampemba miezi miwili mbele, mtaa kwa mtaa, kuonyesha watu namna ya kumshika mbwa, kumvalisha kamba na kumfunga mdomo kwa kitambaa. Chanjo ikifika, mbwa wataletwa. Kuleta dawa peke yake, bila mbwa kuweza kushikwa, ni kupoteza franka za inchi.

Na wewe ambaye mbwa wako ni mkubwa na hashikiki tayari? Usimlazimishe wiki hii, wala usimtume mtoto ajaribu. Achaguliwe mtu mzima mmoja, yuleyule anayempa chakula. Akae karibu naye kila jioni bila fimbo, amwite jina. Aanze kugusa bega na mgongo, kamwe si juu ya kichwa. Kisha brashi. Kamba ya kutembea inakuja nyuma ya hapo. Mdomo ni wa mwisho, na mbwa akinguruma, mtu arudi hatua moja na kungoja kesho. Kwa mbwa wengine itachukua wiki tatu, kwa wengine miezi. Asiposhikika kabisa, mwambieni mganga wa wanyama mapema, kabla ya siku ya chanjo, aje nyumbani akiwa amejitayarisha.