Mandreni ya Lupango Haina Kapita



Katika Kolwezi, toka Manika mpaka Kapata na Luilu, si ajabu kusikia turi ikilia ndani ya lupango. Fundi anakereza bushi ya kinu cha mahindi, ekseli ya kinga, puli ya pompi. Ni kazi ya heshima. Maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walipoacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, miaka ya 2003 na 2004, ufundi wa mikono ndio waliorudi nao nyumbani. Basi sisemi turi zifungwe. Ninasema juu ya mandreni, kile kichwa chenye meno kinachokamata chuma na kukizungusha.

Puli imeletwa, ni pana kuliko mandreni. Mteja anangoja. Fundi anachomelea vipande vya chuma juu ya meno ili yafike mbali. Mwingine anatoboa mwili wa mandreni apate kupitisha buloni.

Mimi naona afadhali kumrudishia mteja puli yake. Meno ya mandreni yalitiwa ugumu kwa moto kiwandani. Moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo, na kando ya mshono chuma kinakuwa chepesi kuvunjika. Mwili wenyewe mara nyingi ni fonti, nayo ikitobolewa au kuchomelewa inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Ongeza mwendo. Ukitoka mizunguko 500 kwa dakika ukaenda 1000, nguvu inayovuta meno nje haiwi mara 2, ni mara 4. Tena jino lililorefushwa linatokeza nje ya mandreni, na likizunguka huoni jino, unaona kivuli tu. Mkono unapita pale.

Wako wanaonijibu: "Munganga, kazi yako ni sindano, mambo ya turi utayajua wapi?" Sawa. Lakini vidole vinaletwa kwangu, haviendi kwa fundi.

Njia ya haki iko. Geuza meno, au tia yale ya ngazi ya nje. Tumia mandreni ya meno 4. Puli pana ifungwe kwa buloni juu ya plato, na uzito wa kusawazisha upande wa pili. Ukipata mandreni ya turi nyingine, usiiguse yenyewe: kereza plato ya katikati juu ya turi yako, ikae sawa. Halafu soma mwendo wa mwisho ulioandikwa juu ya mandreni. Kama haukuandikwa, nenda polepole.

Tena kuna umeme. Tunakaa karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, hata hivyo umeme unakatika na kurudi upendavyo. Turi yenye swichi ya taa, iliyoachwa wazi, itaanza yenyewe umeme ukirudi. Na ufunguo ukiwa bado ndani ya mandreni, unaruka kama jiwe la malegi. Tieni kontakteri, ile inayoanguka umeme ukikatika na kungoja kidole chako kwenye kifungo. Kazini hakuna anayekubali turi bila kontakteri. Kwa nini nyumbani tukubali?

Mama, ukiona baba amevaa glavu mbele ya turi, mwambie azivue. Kwenye mgodi tumezoea glavu, lakini mandreni ikikamata ncha ya glavu inakokota mkono mzima. Miwani, ndiyo, avae. Ncha ya kitambaa na watoto wakae mbali.

Ajali ikitokea, zima mashini kwanza. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono, usilegeze kutazama. Kidole kikikatika, kitafuteni: kifungeni ndani ya kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitieni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Chuma kikiingia jichoni, usisugue wala usikitoe. Funika jicho bila kulibana. Halafu njooni hospitali upesi, hata usiku, na msiogope kusema kwamba ilikuwa kazi ya lupango. Daktari anahitaji kujua kilichomkata mtu na saa iliyopita tangu hapo.