Kina cha Maji Kipimwe Machi

Na Zuhura Isaka

Oktoba ndio mwezi wa kuchimba. Ardhi imekauka, vibarua wanapatikana, na fundi akishuka mita mbili bila kuona tone humwambia mwenye kiwanja: hapa hakuna maji. Stoo ya chini ya ardhi inajengwa, inapigwa lipu, inapakwa rangi. Machi ikifika, chumvi nyeupe inabandua rangi na maji yanachomoza kwenye maungio ya ukuta na sakafu.

Hapo lipu ndiyo inayolaumiwa, inapigwa nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Nasikitika kuona fedha za watu wa hapa Busi, mkoani Dodoma, za alizeti na mifugo, zikiishia humo, kwa sababu lipu ya ndani inasukumwa kutoka nyuma. Kila mita moja ya kina cha maji huongeza msukumo wa takribani tani 1 kwa mita ya mraba. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 kilichoshuka mita 2.5, udongo wa nje ukiwa umeshiba maji hadi juu. Kila ukuta unasukumwa kwa tani 12 na nusu, mbali na uzito wa udongo. Sakafu inasukumwa juu kwa tani 40, ilhali zege yake ya sentimita 15 haifikishi hata tani 6. Ndiyo maana tangi la ardhini likiachwa tupu wakati wa masika huweza kuinuka.

Kukaa kavu miaka mitano nako si ushahidi. Vipimo vya visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma, vilivyowekwa tangu miaka ya 1950, vinaonyesha kuwa maji ya ardhini hapa kwetu hujazwa kwa mkupuo, katika misimu michache ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997 na 1998.

Dawa iko nje: mtaro upande wa juu wa mteremko, lami kwenye uso wa nje wa ukuta kabla ya kufukia, kokoto nyuma yake, na bomba la matundu kwenye kitako cha msingi linalotokea bondeni. Kiwanja kikiwa tambarare, bomba halina pa kumwaga. Hapo usichimbe, inua nyumba.

Naiomba halmashauri isitoe kibali cha chumba cha chini ya ardhi bila kipimo cha kina cha maji kilichochukuliwa kiwanjani kati ya Februari na Aprili.